Sansevieria, Zamiokulkasi, Pothosi au Klorofitumu: Ni Mmea Gani wa Ndani Utakaokufaa?

Mtu akiuliza mmea wa ndani usiohitaji matunzo mengi, karibu kila mara hutajiwa majina manne: sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama wima kama panga, zamiokulkasi, yenye majani mazito yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, pothosi, inayotambaa na kuning'inia kutoka kwenye rafu, na klorofitumu, yenye majani membamba ya milia na vitoto vinavyoning'inia pembeni mwa chungu. Kisha huambiwa achague wowote, kwa kuwa yote minne haisumbui. Hapo ndipo ninapotofautiana na washauri wengi, kwa sababu mimea hii haivumilii uzembe wa aina moja. Kuna unaovumilia kusahauliwa mwezi mzima lakini ukafa kwa kumwagiliwa kila baada ya siku mbili, na kuna unaosamehe maji ya ziada lakini ukadhoofika haraka ukikosa mwanga. Anayetaka kuchagua vizuri hana budi kujiuliza kwanza yeye hukosea upande gani, kisha apime mwanga wa mahali anapokusudia kuuweka mmea, na ndipo aangalie umbo na rangi.

Nasema haya nikiwa na hatia yangu mwenyewe. Zamiokulkasi yangu ya kwanza niliiua kwa bidii. Kila Jumamosi asubuhi nilizunguka nyumba nzima na jagi la maji nikiigawia mimea yote kiasi kilekile, na baada ya miezi michache shina moja lilianguka lenyewe juu ya meza. Nilipolivuta lilichomoka bila mzizi hata mmoja, likinuka uozo. Pothosi iliyokuwa hatua mbili kutoka hapo, iliyonyweshwa kutoka jagi lilelile siku zilezile, ilikuwa imestawi hadi ikagusa sakafu.

Kwa nini maji huua zaidi kuliko kiu

Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni iliyomo katika nafasi ndogondogo zilizo kati ya chembe za udongo, na maji yanapozijaza nafasi hizo kwa siku nyingi mfululizo, mizizi hukosa hewa na kuanza kufa. Vimelea vinavyopenda unyevu, kama vile vya jenasi ya Pythium na Phytophthora, huingia katika mizizi hiyo dhaifu na kuozesha kilichobaki. Kinachowapotosha wengi ni kwamba mmea uliooza mizizi hauwezi tena kunyonya maji, hivyo majani yake hulegea sawasawa na ya mmea wenye kiu. Mwenye mmea, akiona majani yamelegea, huongeza maji, na kwa tendo hilo humalizia kazi iliyoanzwa na uozo. Kwa hiyo, kabla ya kuumwagilia mmea wowote uliolegea, ingiza kidole katika udongo hadi kiungo cha pili. Kama udongo una unyevu na mmea umelegea, tatizo liko kwenye mizizi, wala jagi halitasaidia.

Katika jambo hili mimea minne tunayoilinganisha hutofautiana sana, na sababu za tofauti hizo zinaonekana katika maumbile yake.

Zamiokulkasi ina matunguu chini ya udongo, ya mviringo na yenye ngozi kahawia, ambayo mtu asiyeyajua angeweza kuyadhania kuwa viazi. Humo ndimo inamoweka akiba ya maji. Hata mashina yake manene, ambayo kwa kweli ni vikonyo vya majani, zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Asili ya mmea huu ni mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini, ambako mvua huja kwa msimu na ukame hudumu kwa miezi. Ukame ukizidi, mmea huweza kuangusha majani yake na kusubiri chini ya udongo hadi mvua inaporudi. Mmea wenye akiba ya namna hiyo hauna haja ya kunyweshwa kila wiki. Katika chumba chenye mwanga wa wastani, wiki tatu hadi nne kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine si muda mrefu kwake.

Sansevieria hufika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Mimea mingi hufungua stomata, yaani vitundu vya majani vinavyopitisha hewa, wakati wa mchana ili kuingiza hewa ya ukaa kwa ajili ya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, na kupitia vitundu hivyohivyo hupoteza maji mengi kwenye joto la mchana. Sansevieria huvifungua usiku, wakati hewa imepoa, huihifadhi hewa ya ukaa ikiwa katika umbo la asidi, kisha mchana hufunga milango na kuitumia akiba hiyo. Ukiongeza unene wa majani yake na tunguu linalotambaa chini ya udongo, unapata mmea unaoweza kukaa wiki mbili, tatu, hata zaidi bila maji. Asili yake ni magharibi na kati mwa Afrika, na tangu mwaka 2017 wataalamu wa uainishaji, wakitegemea ushahidi wa vinasaba, huihesabu ndani ya jenasi ya Dracaena, ingawa wauzaji na wakulima wanaendelea kuiita kwa jina lake la zamani, nami nitafanya hivyo hapa.

Pothosi haina akiba kubwa kama hizo. Ilitoka katika kisiwa cha Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa, na huko ni mmea wa msitu unaoparamia miti kwa mizizi yake ya hewani. Udongo wake hutakiwa ukauke sentimita mbili au tatu za juu kabla ya kumwagiliwa tena, jambo ambalo katika nyumba nyingi hutokea kila baada ya siku saba hadi kumi na mbili. Faida yake kubwa, ambayo kwa maoni yangu haisemwi vya kutosha, ni kwamba huonyesha hali yake waziwazi. Ikiwa na kiu, majani yake hulegea yote kwa pamoja, na ukiimwagilia hurudi kuwa imara ndani ya saa chache. Mtu anayejifunza kutunza mimea hupata kwake jibu la haraka kwa kila anachofanya. Sansevieria na zamiokulkasi hukaa kimya. Zinaweza kuwa zimeoza chini huku majani ya juu yakionekana mazima kwa wiki kadhaa, na dalili ikitokea, mara nyingi imechelewa.

Klorofitumu ina mizizi minene myeupe, inayonona kama vidole, ambayo pia ni akiba. Kwa hiyo ukiisahau wiki mbili haitakufa. Itapauka tu na majani yake yatajikunja kwa ndani. Hata hivyo hupenda udongo wenye unyevu wa kiasi kuliko wenzake watatu, na kwa sababu hukua kwa kasi hunywa maji hayo badala ya kuyaacha yakae. Udhaifu wake ni wa aina nyingine: ncha za majani hugeuka kahawia, hasa pale maji ya bomba yanapokuwa na floridi au chumvi nyingi, au mbolea inapokuwa imezidi. Kasoro hiyo ni ya sura, haiuwi. Anayeudhika nayo anaweza kutumia maji ya mvua na kuzikata ncha kwa mkasi.

Kwa msahaulifu na kwa anayesafiri mara kwa mara, basi, uchaguzi ni kati ya zamiokulkasi na sansevieria. Kwa yule ambaye mkono wake hauwezi kupita karibu na mmea bila kumimina kitu, uchaguzi ni kati ya klorofitumu na pothosi, na hapa pothosi ina ziada moja ambayo wenzake hawawezi kushindana nayo kwa urahisi, kwani inaweza kuishi miaka ndani ya chupa ya maji matupu bila udongo wowote. Huenda msomaji akauliza inakuwaje mmea uoze katika udongo uliolowa lakini ustawi ndani ya maji. Mizizi iliyoota ndani ya maji tangu mwanzo hujengeka kwa mazingira hayo, na maji ya chupani yanayobadilishwa kila wiki huwa na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, ilhali udongo uliojaa maji na kushindiliwa hauna hewa mpya inayoingia. Mtu mwenye hamu ya kumwagilia, akipewa chupa ya pothosi, hamu hiyo hupata kazi ya kufanya bila madhara: abadilishe maji, na kila baada ya wiki chache aweke tone la mbolea ya maji iliyozimuliwa sana.

Mwanga: jicho ni shahidi mbaya

Mboni ya jicho hupanuka gizani, na kwa sababu hiyo chumba ambacho sisi tunakiona kina mwanga wa kutosha kusoma gazeti huweza kuwa karibu na giza kwa mmea. Jua la mchana mahali pa wazi hutoa takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), wakati meza ya ofisi iliyoangazwa vizuri hupata luksi 300 hadi 500 tu. Kila unapoongeza hatua kutoka dirishani, mwanga hupungua kwa kasi kuliko tunavyohisi. Kipimo rahisi ni karatasi nyeupe: iweke mahali utakapoweka mmea wakati wa adhuhuri, kisha shika mkono wako sentimita thelathini juu yake. Kivuli chenye kingo kali kinaonyesha mwanga mkali; kivuli hafifu ambacho bado kinatambulika kuwa cha mkono ni mwanga wa wastani; na kama hakuna kivuli cha kutajwa, hapo ni mahali pa zamiokulkasi au pa picha ya ukutani.

Zamiokulkasi ndiyo inayostahimili uhafifu wa mwanga kwa muda mrefu kuliko wenzake watatu. Hata hivyo neno "kustahimili" lisisomwe kama "kupenda". Katika kona ya giza itaweza kukaa mwaka mzima bila kutoa shina jipya, na mashina yakitoka huwa marefu, membamba, yanayoinama kuelekea dirishani. Ikiwekwa karibu na dirisha lenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, hutoa mashina kadhaa kwa mwaka. Jua kali la mchana likiipiga kupitia kioo, majani huungua na kuacha madoa ya kijivu yasiyopona.

Sansevieria ina sifa isiyo sahihi katika jambo hili. Huuzwa kama mmea wa gizani, na ni kweli kwamba gizani haifi haraka, lakini ni mmea unaofurahia mwanga mwingi, na ikizoeshwa polepole huweza kupokea hata saa kadhaa za jua. Tofauti kati ya sansevieria iliyowekwa kwenye ujia wa giza na ile iliyowekwa dirishani ni kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kudhani ni mimea ya aina mbili. Kama dirisha lako hupata jua, kati ya minne hii usihangaike na mwingine. Weka sansevieria hapo.

Pothosi iko katikati. Ile ya kijani tupu huishi vizuri katika mwanga wa wastani hadi hafifu, lakini zenye mabaka ya manjano au meupe zina mahitaji zaidi. Sehemu nyeupe za jani hazina klorofili, kwa hiyo haziuchangii mmea chakula, na mwanga ukipungua majani mapya huelekea kutoka na kijani zaidi na mabaka machache. Anayenunua pothosi kwa ajili ya weupe wake na kuiweka mbali na dirisha atajikuta, baada ya mwaka, na mmea mwingine kabisa. Klorofitumu nayo hutaka mwanga wa wastani hadi mwingi. Gizani hudhoofika mapema kuliko wote watatu, na haitoi vitoto.

Hakuna hata mmoja kati ya hii unaoweza kuishi siku zote katika chumba kisicho na dirisha, isipokuwa uwashiwe taa. Taa ya kawaida ya LED iliyo karibu na mmea, ikiwashwa kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila siku, inatosha kwa zamiokulkasi na pothosi.

Mwanga na maji havitenganishwi. Mmea ulio kwenye mwanga hafifu hufanya usanisinuru kidogo, hunywa kidogo, na udongo wake hukauka taratibu. Kwa hiyo ukiuhamisha mmea kutoka dirishani hadi kona ya ndani, ratiba ya maji uliyoizoea inageuka kuwa mafuriko. Mimea mingi inayosemekana "haikupenda sehemu mpya" iliuawa na jagi ambalo halikuhama pamoja nayo.

Nyumba yenye watoto wachanga, paka au mbwa

Hapa ulinganisho haupindi: mitatu kati ya mimea hii ina sumu ya kiasi, na mmoja hauna. Zamiokulkasi na pothosi zina fuwele za kalsiamu okzaleti, nyembamba kama sindano, ambazo huchoma ulimi na koo zinapotafunwa na kusababisha maumivu, udenda na wakati mwingine kutapika. Sansevieria ina saponini, ambazo huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Klorofitumu haina sumu kwa paka wala mbwa. Paka huvutiwa mno na majani yake yanayochezacheza, na akila mengi anaweza kutapika, lakini hatadhurika zaidi ya hapo. Atakayedhurika ni mmea.

Kuhusu zamiokulkasi umeenea uvumi kwamba huleta saratani hata kwa kuigusa. Hakuna msingi wa kisayansi wa madai hayo. Ngozi nyepesi inaweza kuwashwa na utomvu wakati wa kuukata mmea, na kwa hilo glavu zinatosha. Hata hivyo, nyumba yenye mtoto anayetambaa na kutia kila kitu kinywani ingefanya vyema kuchagua klorofitumu, au kuiweka pothosi juu sana na kuyakata mashina yake kabla hayajafika chini.

Madai ya kusafisha hewa

Wauzaji wengi huipendekeza sansevieria kwa sababu eti husafisha hewa ya chumba cha kulala. Chanzo cha dai hili ni utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989, ambamo mimea iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa na kupimwa jinsi inavyopunguza kemikali fulani. Nyumba si kisanduku kilichofungwa. Mapitio ya kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikokotoa kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kiwango ambacho ubadilishanaji wa kawaida wa hewa katika jengo hukifikia wenyewe. Kigezo hiki, basi, kiondolewe katika uchaguzi, fungua dirisha.

Kasi ya kukua na urahisi wa kuzidisha

Kuna anayetaka mmea ubaki kama alivyoununua, na kuna anayetaka kuuona ukibadilika. Zamiokulkasi hukua polepole, kwa vipindi: miezi kadhaa kimya, kisha mashina mawili au matatu huchomoza kwa pamoja na kufunguka ndani ya wiki chache, kisha kimya tena. Sansevieria nayo si ya haraka, ila huchipuza machipukizi pembeni, na tunguu lake lina nguvu kiasi cha kulipinda au kulipasua kopo la plastiki lililoubana mmea. Pothosi hurefuka kwa mita kadhaa, na isipopunguzwa hubaki na shina refu lililo wazi lenye majani mwishoni tu. Klorofitumu hujaza chungu chake ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mizizi yake minene huusukuma udongo juu hadi maji ya kumwagilia yanakosa pa kukaa na kumwagikia pembeni. Hiyo ndiyo dalili ya kuuhamisha. Kwa maneno mengine, mimea miwili inayovumilia maji ndiyo inayodai mkasi na vyungu vipya, na miwili inayovumilia kiu haidai karibu chochote. Hilo nalo ni la kuzingatiwa na mtu anayesema hataki kazi.

Kwa kuzidisha, klorofitumu haina mpinzani. Vitoto vyake huwa na mizizi midogo tayari vikiwa bado vinaning'inia, na ukikitua kimoja juu ya udongo wa chungu cha jirani hushika ndani ya wiki mbili tatu. Pothosi huja nyuma yake kidogo: kata kipande cha shina chenye angalau kifundo kimoja, yaani mahali jani linapoungana na shina, kiweke kifundo hicho chini ya maji, na mizizi huonekana ndani ya wiki mbili hadi nne. Jani lenye kikonyo tu, bila kifundo, huweza kuota mizizi na kukaa kijani miezi mingi, lakini halitatoa shina kamwe, na watu wengi hulisubiri bure.

Sansevieria huzidishwa kwa kugawanya tunguu au kwa vipande vya jani vilivyochomekwa udongoni. Kwa njia ya pili kuna mitego miwili. Kipande kikichomekwa juu chini hakitaota, kwa hiyo weka alama upande wa chini kabla ya kukata. Tena, ile yenye kingo za manjano, ikizidishwa kwa vipande vya jani, huzaa mimea ya kijani isiyo na kingo hizo, kwa sababu rangi hiyo hutokana na tabaka za seli za aina mbili zilizokaa pamoja, na chipukizi jipya halizirithi zote; anayetaka manjano hana budi kugawanya tunguu. Zamiokulkasi huweza kuzalishwa hata kwa jani moja dogo lililong'olewa na kuchomekwa udongoni, lakini jani hilo hujenga kwanza tunguu lake chini, na huenda ikapita nusu mwaka au zaidi kabla ya chipukizi la kwanza kuonekana. Binafsi ninalo moja ambalo nimeshaacha kulihesabia siku.

Chungu na udongo

Yaliyobaki ni mafupi, kwa kuwa mimea hii hukubaliana karibu katika yote. Udongo uwe tifutifu. Kwa sansevieria na zamiokulkasi changanya theluthi moja ya changarawe ndogo au mchanga wa chembe kubwa, ilhali pothosi na klorofitumu hufaidi mboji zaidi. Mbolea ya maji iliyozimuliwa nusu, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, inatosha, na miwili ya kwanza huridhika na mara mbili au tatu kwa mwaka. Chungu cha udongo wa kuchomwa hupitisha unyevu kwenye kuta zake na kukauka haraka, kwa hiyo humfaa anayemwagilia mno. Cha plastiki hutunza unyevu, humfaa msahaulifu mwenye pothosi.

Jambo moja lastahili kukaziwa, nalo ni tundu la chini. Wengi hupanda katika chombo cha mapambo kisicho na tundu na kuweka tabaka la kokoto chini yake, wakiamini kwamba wametengeneza njia ya maji. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka katika udongo wa chembe ndogo kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa kabisa, na matokeo yake ni kwamba kokoto huisogeza juu ile sehemu iliyolowa, karibu zaidi na mizizi. Panda katika kopo lenye matundu, kisha kopo hilo liingize ndani ya chombo cha mapambo, na umwage maji yanayotuama baada ya robo saa.

Wadudu huwapata wote, ila si kwa kiwango sawa. Vidungata, vinavyoonekana kama vipande vya pamba kwenye makutano ya jani na shina, hupenda pothosi na klorofitumu, na hufutwa kwa pamba iliyochovywa katika spiriti. Vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka juu ya udongo si ugonjwa wa mmea bali ni tangazo kwamba udongo haukauki.

Nani achukue upi

Kama dirisha lako hupata jua na wewe huwa nyumbani kwa nadra, chukua sansevieria. Kama mwanga ni hafifu na huwa nyumbani kwa nadra vilevile, chukua zamiokulkasi, na ukubali kwamba itakaa bila badiliko kwa muda mrefu. Kama una paka, au mtoto mdogo, chukua klorofitumu bila kujadiliana na nafsi, mradi uwe na dirisha la kuiweka karibu. Kwa mtu anayeanza, asiye na mnyama, mwenye mwanga wa wastani na asiyejua bado kama yeye ni msahaulifu au mmiminaji, mimi humpa pothosi ya kijani tupu, kwa sababu ndiyo itakayomjulisha alikosea upande gani angali na nafasi ya kurekebisha. Najua wengi wangempa sansevieria. Sansevieria ni ngumu zaidi kufa, lakini haifundishi.

Ukishaamua, uangalie mmea wenyewe kabla ya kuuchukua. Minya taratibu mashina ya zamiokulkasi na sehemu ya chini ya majani ya sansevieria. Panapobonyea kama tunda lililoiva kupita kiasi pameanza kuoza. Geuza majani ya pothosi utazame upande wa chini na kwenye vifundo. Inua chungu: kikiwa kizito kwa maji na udongo una uvundo, kiache, hata kama majani yanapendeza. Ukifika nyumbani uweke mbali na mimea mingine kwa wiki mbili au tatu, ili wadudu waliojificha wajitokeze kabla hawajahama, wala usiuhamishie chungu kipya siku hiyohiyo. Majani mawili matatu ya chini yakigeuka manjano katika wiki hizo za mwanzo, hasa kwa pothosi, mara nyingi ni mmea unaojizoeza kwa mwanga ulio mdogo kuliko wa kitaluni, na unaweza kuyakata bila kubadilisha kitu kingine.